Picha Zangu za Mashine Waliziita za Shetani

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Sina mume, sina mtoto, na dada yangu wa tumbo moja nikimwona anakuja barabarani navuka upande wa pili. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Huruma nilipewa tele, tena na watu wale wale waliokuwa wakinichimbia shimo. Ninachotaka ni mkasirike pamoja nami, kisha mchunge nyumba zenu!

Mimi ni mzaliwa wa Homa Bay. Baba yetu alikuwa karani kwenye jinari, kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipofungwa kila mfanyakazi alijichukulia alichoweza kubeba. Wengine waliondoka na mabati, wengine na viti. Baba alikuja nyumbani na mashine ya hesabu.

Ilikuwa ya chuma kitupu, ya zamani sana, nzito mpaka meza ilikuwa inalia. Haikujua umeme wala betri. Unapanga tarakimu kwa vijishikio vya juu, unazungusha mkono wa pembeni, ndani magurudumu yenye meno yanasema krr-krr-krr, halafu jibu linatokea kwenye vidirisha vidogo. Ukikosea, kengele inalia. Baba alinipakata nikiwa mdogo, akanishika mkono tukazungusha pamoja. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kujumlisha.

Dada yangu Perpetua, ambaye ni mkubwa wangu, hakuipenda. Siku moja ilimbana kidole akasusa kabisa. Lakini aliijua! Naomba mlishike hilo. Aliikuta mezani kila siku ya utoto wake, aliipangusa vumbi kwa kitambaa, akajua kwamba ndani yake hakuna kitu ila chuma na grisi.

Baba alipofariki, mama aliiuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Iliondoka kwenye toroli pamoja na masufuria yaliyotoboka. Nililia siku hiyo… nililia mpaka majirani wakafikiri kuna msiba mwingine. Kisha nikachukua penseli na karatasi ya shule nikaichora, nisije nikaisahau.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoanzia. Nilisomea uchoraji wa kiufundi katika chuo kimoja cha ufundi, na mwalimu wangu alikuwa na vitabu vikuukuu vyenye picha za mashine za hesabu za mwanzo mwanzo. Kulikuwa na kisanduku cha shaba alichokibuni kijana Mfaransa ili kumsaidia baba yake aliyekuwa mtoza kodi. Kulikuwa na ile ya Mjerumani yenye ngoma ya meno marefu na mafupi. Kulikuwa na nyingine ndogo ya duara, unaishika mkononi na kuizungusha kama unasaga pilipili manga. Nilizichora zote kwa wino mweusi, jino kwa jino, skrubu kwa skrubu, na chini ya kila moja nikaandika kwa Kiswahili ni nini na ilifanya kazi vipi.

Watu walizipenda! Nilikuwa napeleka michoro mjini Migori, inaskaniwa na kuchapwa kwenye kanvasi, halafu fundi wa Suna, mtaa wa hapo hapo Migori, anaitia fremu. Wanunuzi wa dhahabu waliitundika juu ya mizani zao. Shule ziliitundika, ofisi za vyama vya akiba ziliitundika, hata daktari mmoja wa meno. Nakala ndizo nilizouza. Michoro yenyewe, ile niliyoipaka wino kwa mkono wangu, sikuwahi kumuuzia mtu. Ilikaa ukutani kwangu.

Na ukuta huo ulikuwa Sori, mji mdogo kando ya ziwa, nyumbani kwa mume wangu.

Ouko alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Sori. Alinioa akijua kazi yangu, na wageni wakija yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwavuta mkono waone. “Hii ni ya baba mkwe wangu,” angesema, akionyesha ile kubwa ya katikati, mashine ya jinari. Nilimpenda kwa hilo. Nilisema moyoni, hapa nimefika. Kama kuna kitu nilikitaka katika dunia hii, ni kuzeeka katika nyumba ile na mwanamume yule.

Mimba ya kwanza iliharibika nikiwa tayari nimeanza kuonekana tumbo. Ya pili hivyo hivyo.

Daktari alituketisha wawili, mimi na Ouko, akatueleza. Alisema mlango wa kizazi changu umelegea, hauwezi kuhimili uzito wa mtoto anapoanza kukua. Akasema si ugonjwa wa ajabu, nikishika mimba tena nije mapema nishonwe, na kuna uwezekano mkubwa nitajifungua salama. Tulitoka pale nikiwa nimeshika mkono wa mume wangu. Nilikuwa na tumaini jamani!

Katika kipindi hicho Perpetua alikuwa anamalizia kujenga gesti yake, nyumba ya kulala wageni, Homa Bay karibu na ziwa. Alikuja kunipa pole. Alikaa, akanywa chai, akaangalia kuta zangu muda mrefu. Akaniambia anataka michoro yote ya mkono aipambe gesti. Si nakala, michoro yenyewe. Nilimwambia, dada, nitakuchapishia nakala nzuri kabisa, niitie na fremu, iwe zawadi yangu ya ufunguzi. Michoro hapana.

Akatabasamu. “Sawa tu, mdogo wangu. Ni yako.”

Kisha akaenda jikoni kukaa na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Min Ouko, yaani mama yake Ouko. Walikaa huko mpaka chakula kikaiva. Nilifurahi, mjinga mimi! Nilifikiri dada yangu ananitengenezea njia kwa mama mkwe.

Tangu siku ile Min Ouko hakuingia tena sebuleni kwangu bila kujishika kifua. Angesimama mlangoni na kuziangalia zile picha kwa jicho la pembeni. Siku moja akasema mbele ya wageni, kwa sauti ya juu, “Magurudumu yenye meno, yako juu ya kichwa cha mwanamke mwenye mimba… hayo meno yanasaga nini?”

Hakuna aliyecheka. Unajibu nini swali kama hilo?

Basi maneno yakatembea Sori nzima. Eti nyumbani kwa Ouko kuna mashine za namba, na namba zile zinajulikana ni za nani. Eti wanunuzi wa dhahabu wanaozitundika ndiyo maana wanatajirika haraka. Eti mimi nimewatoa watoto wangu kafara. Watoto wangu! Mwanamke niliyekuwa nikimnunulia nyanya kila siku alianza kunirudishia chenji kwa kuiweka juu ya meza ili vidole vyetu visigusane. Niliuma meno nikanyamaza, kwa sababu niliamini mume wangu yuko upande wangu.

Hakuwa upande wangu. Alikuwa upande wa mama yake, tena tangu zamani.

Kwetu, mikosi ikiifuata nyumba, kikundi cha maombi huitwa kuja kuisafisha. Wanazunguka chumba kwa chumba wakiimba, na chochote wanachokitilia shaka kinatolewa nje: wigi, kinyago, kitambaa chenye mchoro wa nyoka, hata kikombe. Vinafungwa kwenye shuka, vinapelekwa mbali na boma na kuchomwa. Na kuna sharti ambalo kila mtu wa huko analijua. Mwenye kitu haruhusiwi kukisindikiza wala kukitazama kikichomwa. Anageukia ukuta na kuimba mpaka aitwe. Akigeuka tu, wanasema amekirudisha, na nyumba itarudiwa vibaya kuliko mwanzo.

Ouko aliniita chumbani. Hakunitazama usoni. Akasema, “Chagua. Picha ama nyumba.”

Nilimkumbusha daktari. Nilimkumbusha aliyotuambia, tena yeye mwenyewe akiwa amekaa pale. Akanijibu kwamba daktari hajui mambo ya kwetu. Nilimuuliza, Ouko, wewe si ndiye uliyekuwa unawaonyesha wageni? Akatoka.

Nilichagua nyumba. Ndugu zangu, kuna mwanamke gani pale nilipokuwa mimi angechagua karatasi?

Walikuja siku ya Jumapili baada ya ibada. Na nani alikuwa mbele yao? Perpetua! Alitoka Homa Bay na kilemba cheupe, akanikumbatia, akalia mpaka machozi yake yakanilowesha bega. Aliniambia nisiogope, yeye ni damu yangu, yeye mwenyewe ndiye atakayeibeba ile mizigo ili mikono ya watu baki isiguse vitu vya baba. Nilimshukuru. Nilimwambia asante dada! Nakumbuka hivyo na natamani kujizaba kofi.

Walizishusha moja moja. Kisha wakamwambia Ouko afute na zile zilizokuwa kwenye kompyuta yangu, akafuta mbele yao, na kiflashi nilichohifadhia nakala kikatiwa kwenye shuka. Mimi nikageukia ukuta uliobaki na misumari mitupu, nikaimba. Nilisikia gari likiwashwa, nikasikia likiondoka. Baadaye nikasikia harufu ya moshi ikitoka upande wa ziwani. Niliendelea kuimba. Sikugeuka, kwa ajili ya nyumba yangu.

Haukupita muda mrefu nikashika mimba ya tatu.

Hapo ndipo nilipaswa kwenda kushonwa. Nilimwambia Ouko twende. Min Ouko akasikia, akaja juu! Akasema Mungu ameshafanya kazi, na anayekimbilia sindano baada ya Mungu kufanya kazi anamtukana. Nikampigia dada yangu simu, nikijua yeye ni mtu aliyesoma, atanitetea. Perpetua akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, “Mdogo wangu, usimjaribu Mungu. Tulia nyumbani.” Ouko akasema tungoje kidogo. Pesa ilikuwa mkononi mwake, gari lilikuwa mkononi mwake, na mimi nilikuwa nimeshaitwa mchawi mara nyingi kiasi cha kutosha. Nikangoja.

Alikuwa mvulana…

Sitaeleza safari ya bodaboda kutoka Sori nikiwa nimefungwa kanga mbili. Sitaeleza hospitali. Nitasema tu kwamba muuguzi aliyenipokea, baada ya kusoma karatasi zangu za zamani, aliuliza kwa hasira ni nani aliyenizuia kuja mapema. Ouko alikuwa amesimama pale. Akaangalia viatu vyake.

Sasa hesabuni wenyewe. Picha hazikuwepo tena. Zilichomwa! Ukuta mtupu! Na mtoto ametoka vile vile. Mtu yeyote mwenye akili angesema basi tulikosea, picha hazikuwa na hatia. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, lakini nikiwa na wazo hilo moja kichwani, kwamba angalau sasa wataniomba msamaha.

Unajua walisema nini? Walisema kuna nyingine nimeficha.

Nilikuwa kitandani bado natokwa na damu wakati Min Ouko na wanawake wengine wawili walipoingia na kuanza kupekua. Waliinua godoro upande wa miguu yangu. Walimwaga sanduku langu la nguo. Chini kabisa, ndani ya bahasha, wakaikuta ile karatasi ya shule, mchoro wangu wa kwanza wa penseli, mashine ya baba niliyoichora siku ilipouzwa. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Min Ouko alitoka nayo nje akiiinua juu. “Biuru une!” alipiga kelele, njooni muone! “Nilisema mimi! Jachien iko hapa, alikuwa analala nayo!” Jachien ni pepo mbaya, shetani. Watu walijaa uani. Aliichana vipande vipande mbele yao, na mimi nimesimama mlangoni na kanga, namwangalia mume wangu.

Nilimwita kwa jina. Nilimwambia, Ouko, hiyo niliichora nikiwa mtoto, baba yangu alikuwa ametoka kuzikwa. Sema kitu.

Akasema kitu, ni kweli. “Beba nguo zako uende.”

Niliondoka Sori siku ile ile, sijapona. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na kwa Perpetua nilipopiga simu haikushikwa. Nilifikiri yuko kwenye maombi.

Nilipanga chumba kimoja Suna. Kazi niliyoipata ilikuwa katika duka la kuchapisha, na mnajua duka kama hilo kwetu linaishi kwa matanga. Mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa hatupumui: programu za mazishi, mabango, fulana, picha kubwa ya marehemu ya kuwekwa juu ya jeneza. Kazi yangu ilikuwa kuzisafisha zile picha kwenye kompyuta. Nilimfungia tai marehemu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa tai. Niliwaondolea makovu, nikawaongezea mwanga. Sikuchora tena. Nikishika kalamu mkono unakuwa mzito, nasikia tu ile sauti ya uani.

Jumatatu hadi Jumatano ndizo siku za kazi nyingine. Na ilikuwa siku kama hizo, mwenye duka aliponiambia kuna mteja wa Homa Bay ametuma picha za vyumba vya wageni zichapwe kwenye kanvasi, nizipange.

Nikafungua faili la kwanza.

Jamani… Ilikuwa mashine ya jinari. Ya baba yangu, mkono wa pembeni, vidirisha, kila kitu! Nilifikiri nimechanganyikiwa. Nikafungua la pili, kisanduku cha shaba. La tatu, ile ya ngoma. Zote! Karibu na mkono wa mashine ya baba kulikuwa na alama ya dole gumba langu, siku ile wino ulipomwagika nikajaribu kuufuta. Mchoraji anaujua mkono wake kama mama anavyomjua mwanawe. Lakini pale kwenye kona, mahali palipokuwa na jina langu, palikuwa pamepakwa rangi na kuandikwa jina la Perpetua.

Na maelezo ya chini alikuwa ameyabadilisha. Chini ya mashine ya baba aliandika hivi: “Nikiwa mtoto, baba alinipakata, akanishika mkono tukazungusha pamoja.”

Aliniibia hata mapaja ya baba yangu!

Sasa nikaelewa ule moshi. Walichoma maboksi na fremu tupu, hakuna lingine. Michoro ilikuwa ndani ya gari lililowashwa nilipokuwa nimegeukia ukuta naimba. Nilikaa pale kwenye kiti, mashine ya kuchapa ikianza kunitolea kazi yangu mwenyewe polepole, nami sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilizikata kanvasi vizuri, nikazikunja, nikamwambia mwenye duka kwamba nitazipeleka Homa Bay mimi mwenyewe.

Nilifika siku ya ufunguzi wa gesti ya Perpetua. Hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, spika zinapiga nyimbo za injili. Nilipita katikati ya watu nikiwa nimebeba mzigo wa kanvasi begani, wakafikiri ni mtu wa kazi. Nikaingia ndani.

Ukumbini zilikuwa zimetundikwa zote, michoro ya mkono yenyewe, chini ya vioo, na taa ndogo juu ya kila moja. Wageni wanapita wanapiga picha. Na chini ya ile kubwa ya katikati, chini kabisa ya magurudumu yale yenye meno, alikuwa ameketi nani na sahani ya ngege, samaki wa ziwani? Min Ouko! Anachambua miiba kwa raha zake! Na pembeni yake Ouko, na pembeni ya Ouko msichana mmoja mwenye mimba ya miezi mingi, mke wake mpya.

Nilisimama mbele ya Min Ouko. Nilimsalimia kwa heshima kwanza, nisiseme uongo, mazoea ni mazoea. Kisha nikamuuliza, “Mama, leo hayo meno hayasagi?”

Hata hakushtuka. Alimeza, akafuta vidole. “Hizi zimeombewa, nyar Homa Bay. Zako hazikuwa zimeombewa.”

Nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay, ndivyo alivyokuwa akiniita siku tulizokuwa tukielewana. Nikamwambia kwamba ni zile zile, zangu, zilizotoka kwenye ukuta wa mwanawe. Akasema anajua. Akasema dada yangu aliziombea badala ya kuzichoma, na kwamba mimi ninapaswa kushukuru. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma kifua. Akasema, “Si yeye mwenyewe ndiye alitufungua macho siku ile jikoni? Sisi tungejuaje mambo ya mashine?”

Siku ile jikoni. Siku ya chai na pole. Siku niliyomkatalia.

Perpetua alitokea akiwa amevaa kitenge kipya, akanishika mkono akitaka kunivuta chumba cha nyuma. Nilikataa kuvutika. Nilimuuliza mbele ya wageni wake kama aliwahi kupakatwa mbele ya ile mashine. Nilimuuliza kama kweli alimwogopa shetani wa chuma ambaye utotoni alikuwa anampangusa vumbi. Nilimuuliza juu ya mwanangu… alipokuwa ananiambia kwa simu nitulie nyumbani, ilikuwa ni kwa sababu daktari angenishona, mtoto angekaa, na watu wangejua picha hazikuwa na neno?

Nilitaka akane. Wallahi nilitaka dada yangu akane!

Akasema kwa sauti ya chini, meno yamekazana, “Kila kitu cha baba kilikuwa chako. Hata ile mashine. Kwani mimi sikuwa mtoto wake?”

Ndivyo alivyojibu. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu mtoto wangu, akanijibu kuhusu mashine.

Nilinyoosha mikono nikaishusha ile kubwa. Perpetua akaishika upande wa pili, tukavutana kama watoto, kioo kikapasuka. Mtu akapiga kelele kwamba jachien amenipanda. Walinzi wakaja. Nilitolewa mlangoni nikiwa nimeshikwa makwapa, damu ya kidole inadondoka kwenye vigae vyake vipya, na katika watu wote waliokuwa wakiangalia, mmoja aliyekuwa mume wangu alibaki ameketi.

Nilikwenda kwa chifu. Alinisikiliza, akasema hayo ni mambo ya ndugu, tukamalizane nyumbani. Nyumba ipi? Nilirudi Suna.

Sasa nisikilizeni sehemu ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Ouko alikuja. Alibisha mlango wa chumba changu siku moja mchana, amebeba sukari na mkate. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kile kiti changu kimoja, mimi nikakaa kitandani. Alisema yule msichana amejifungua akarudi kwao, hawakuelewana na mama. Alisema nyumba imekuwa baridi. Alisema kwamba tangu siku ile ya gesti hajalala vizuri, ameona sasa kwamba walikosea, zile picha hazikuwa na jachien hata kidogo. Watu wanalala chini yake Homa Bay kila siku na hakuna anayekufa. Tukitaka twende kwa daktari yule tena, yeye atalipa.

“Rudi nyumbani,” akasema.

Nitasema ukweli. Moyo uliruka! Nyumba ile nilikuwa bado naiota. Mikono yake ilikuwa ile ile niliyoishika tulipotoka kwa daktari. Nilijiona nimeshapika, nimeshafagia ua, nimeshatundika kitu ukutani.

Nikamuuliza swali moja tu. Nikamwambia, “Picha mmeona hazina jachien. Na mimi je?”

Akageuza geuza ule mkate kwenye karatasi yake.

“Mama anasema ukirudi uombewe kwanza. Kidogo tu. Halafu yataisha.”

Yaani karatasi zilisamehewa, mimi sikusamehewa! Karatasi zilikwenda Homa Bay, zikawekewa taa, zikarudishiwa heshima zao. Mimi niliyezichora, niliyemzalia mtoto akiwa maiti kwa sababu yeye alisema tungoje, mimi nilikuwa bado nina shetani wa kutolewa, na angesimama pale pale kando akiangalia viatu vyake wakati wananitoa.

Nilisimama nikamfungulia mlango. Nikamrudishia sukari yake na mkate wake. Alinitazama kama ambaye hakusikia vizuri, kisha akaenda.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wanawake mlioolewa mbali na kwenu, nawasihi. Anayekuja nyumbani kwako kukuonyesha shetani, muulize kwanza atabeba nini akiondoka. Ndugu akilia begani kwako, lia naye, lakini usimpe mgongo. Na daktari akikuambia njoo mapema, nenda, hata kama ni kwa miguu, hata kama watakuita kila jina! Jina linavumilika. Mimi nimeitwa yote na bado natembea. Mwanangu ndiye hakupata nafasi ya kuitwa jina lolote.